Sura ya Sita: Turbo Imekufa, Nitengeneze au Nibadilishe?

Swali hili huulizwa Tensta, kitongoji cha Stockholm, kila msimu wa baridi. Gari la dizeli limepoteza nguvu, taa ya injini imewaka, gereji imesema turbo imekwisha na bei iliyotajwa inakausha mate. Je, mwenye gari aitengeneze turbo, anunue mpya, atafute ya mtumba, au aliuze gari jinsi lilivyo? Anayeuliza anaweza kuwa dereva wa teksi. Anaweza kuwa mama mwenye zamu mbili za usafi, moja Kista na nyingine Solna. Anaweza kuwa kijana aliyenunua Volvo ya dizeli kupitia Blocket, soko la mtandaoni ambalo kila mtu hapa Uswidi analijua.

Walio karibu naye watampa majibu haraka. Mmoja atasema, "Kaka, usitengeneze, nunua mpya ulale usingizi." Mwingine atasema, "Wewe, gari lenyewe kuukuu, nenda kachukue ya skrepa." Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na wote wawili wanaweza kumtia hasara, kwa sababu hakuna aliyeuliza turbo hiyo imekufa kwa nini.

Sura hii inapanga maswali matatu kwa utaratibu wake. La kwanza ni nini kilichokiua kifaa. La pili ni kama kifaa hicho kinatengenezeka. La tatu ni hesabu ya pesa. Watu wengi huanza na la tatu, ndiyo maana hulipa mara mbili.

Jibu la Gerezani halifai Tensta

Wengi wetu tulijifunza magari nyumbani. Ukienda Gerezani pale Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kule Nairobi, utamkuta fundi ameshusha injini nzima na kuipanga juu ya turubai, pistoni upande huu, valvu upande ule. Atafanya kazi siku tatu. Atachonga, ataunga, atabadilisha ringi na kuirudisha. Mahesabu yake ni mazuri, kwa sababu kule saa ya fundi ni ya bei nafuu na spea halisi ni ghali. Panapokuwa hivyo, kutengeneza hushinda karibu kila mara.

Stockholm mambo yamegeuka. Saa moja ya fundi gereji inaweza kupita krona 1,000, na juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25. Mwaka 2017 Uswidi ilipunguza kodi hiyo kwa matengenezo ya baiskeli, viatu na nguo, lakini magari hayakuguswa. Kwa hiyo kazi ya saa kumi, hata kama kifaa chenyewe ni cha bei ndogo, inaweza kupita thamani ya gari la miaka kumi na mitano. Fundi wa Uswidi anayekwambia "tubadilishe tu" mara nyingi hajashindwa kutengeneza. Amepiga hesabu ya saa zake.

Magari yenyewe pia yanatofautiana. Lori la Scania linalopanda kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma lina injini iliyosanifiwa ifunguliwe na ifungwe tena. Scania makao yake ni Södertälje, kusini mwa Stockholm. Injini zake za V8, zilizoanza kuuzwa mwaka 1969, zilipewa hedi moja kwa kila silinda. Hedi ni kile kifuniko kizito cha juu kinachobeba valvu. Ikipasuka moja unatoa hiyo moja, zile saba unaziacha. Malori mengi makubwa pia yana slivu, yaani bomba la chuma ndani ya silinda ambalo huchomolewa likichakaa na kuwekwa jipya. Gari dogo la familia aghalabu halina starehe hiyo. Silinda zake zikichakaa, unazungumzia injini nyingine.

Kwa hiyo mjomba wako wa Dar akikwambia kwa simu kwamba injini ya dizeli haifi, anasema kweli kuhusu injini anayoijua.

Mtafute muuaji kwanza

Hapa tutakaa kwa muda, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Turbo ni mapangaboi mawili madogo yaliyounganishwa na fimbo moja. Moshi unaotoka kwenye injini unalizungusha la kwanza. La pili linavuta hewa na kuisukuma kwa nguvu ndani ya silinda, ili dizeli ipate hewa ya kutosha kuungua vizuri. Kwenye gari dogo fimbo hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika moja. Turbo nyingi hazina gololi za kuibeba fimbo hiyo. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili inayoletwa na bomba dogo. Oili ikikatika kwa muda mfupi tu, chuma kinakutana na chuma.

Ina maana kwamba turbo ni nadra kufa kwa uzee peke yake. Kwa kawaida imekosa oili, au imepata oili chafu, au kuna kitu kigumu kimeingia kwenye mapanga.

Mfano bora unaegeshwa kila siku kwenye maegesho ya Tensta, Rinkeby na Hjulsta. Katika miaka ya 2000 kampuni za Peugeot-Citroën na Ford zilishirikiana kutengeneza injini ya dizeli ya lita 1.6. Ikaingia kwenye Peugeot, Citroën, Ford Focus na Mazda 3, na pia kwenye Volvo S40 na V50 zenye maandishi ya 1.6D. Ni injini inayokula mafuta kidogo, na Waswidi waliipenda. Ina ugonjwa mmoja unaojulikana na mafundi wa Ulaya nzima.

Chini ya kila nozeli ya injini hiyo kuna washa ndogo ya shaba. Nozeli ni kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda kama ukungu. Kazi ya washa ni kuziba, ili moto wa silinda usipenye pembeni mwa nozeli. Washa ikichoka, gesi ya moto inaanza kuvuja juu. Mwanzoni unasikia mlio mdogo, chaf-chaf-chaf, unaofuata mwendo wa injini. Ukifungua kifuniko cha juu unaona uchafu mweusi mgumu umeizunguka nozeli, mithili ya lami iliyokauka. Masizi hayo yanaingia kwenye oili. Oili inakuwa nzito, inaacha ukoko ndani ya injini, na mwisho ukoko huo unafika kwenye bomba jembamba la kupeleka oili kwenye turbo. Ndani ya kiungo cha bomba hilo kuna kichungi kidogo cha waya, na kichungi kinaziba.

Turbo inakufa. Mwenye gari anafungiwa turbo mpya. Bomba ni lile lile, kichungi ni kile kile, washa ni zile zile. Turbo mpya nayo inakufa baada ya muda mfupi, na mwenye gari anaapa kwamba turbo za siku hizi ni feki.

Kilichoua ni washa ya shaba ambayo bei yake haifiki bei ya chakula cha mchana. Matibabu kamili ya ugonjwa huu ni kubadilisha washa zote, kusafisha viti vya nozeli, kushusha sampo (bakuli la oili chini ya injini) na kulisafisha pamoja na chujio la pampu ya oili, kuweka bomba jipya la oili ya turbo, kisha kumwaga oili mara mbili kwa kufuatana. Turbo inafungwa baada ya hayo yote. Wauzaji wengi wa turbo hukataa madai ya dhamana kama huna risiti ya bomba jipya na oili mpya, na hapo sina la kuwalaumu.

Kabla ya hayo yote, hakikisha turbo imekufa kweli. Gari kupoteza nguvu si ushahidi. Bomba la mpira linalopeleka hewa kutoka kwenye turbo likipasuka, gari linakuwa zito vilevile na taa ile ile inawaka. Kibomba chembamba cha vakyumu, kinachoamrisha turbo ipulize kiasi gani, kikitoboka, matokeo ni hayo hayo. Mwombe fundi atoe bomba la hewa na akuonyeshe. Ashike ncha ya fimbo kwa vidole viwili. Akiisukuma kushoto na kulia, mchezo kidogo ni wa kawaida, kwa sababu injini imezimwa na oili haiibebi. Akiivuta mbele na nyuma, usihisi mchezo wowote. Mulika tochi: mapanga yawe mazima, ukuta unaoyazunguka usiwe na mikwaruzo. Vikiwa sawa hivyo vyote, turbo hiyo ina haki ya kuchunguzwa zaidi kabla ya kuhukumiwa.

Neno moja la usalama. Turbo inayovujisha oili nyingi inaweza kuilisha injini oili yake yenyewe. Injini ya dizeli haihitaji cheche ili kuungua, kwa hiyo inaweza kunguruma kwa kasi ya ajabu hata ukizima swichi. Kwenye gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, ingiza gia ya juu kabisa, achia klachi mpaka injini izimike. Kwenye gari la otomatiki, ukishasimama, toka na ukae mbali nalo. Ukiona moshi mzito wa buluu, usilazimishe kufika nyumbani.

*Kwa ufupi: kifaa kipya kikifungwa mahali ambapo ugonjwa haujatibiwa, kitakufa kama cha zamani. Kama gereji haijakueleza chanzo, bado huna uamuzi wa kufanya.*

Nozeli: chupa nne zinasema kweli

Rudolf Diesel aliwasha injini yake ya kwanza yenye mafanikio huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, akitumia hewa iliyogandamizwa kupuliza mafuta. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1997, magari ya kwanza ya abiria yenye mfumo unaoitwa komoni reli yaliingia sokoni. Katika mfumo huo pampu moja inajaza dizeli kwenye bomba nene kwa shinikizo kubwa sana. Magari ya sasa hufika bari 2,000 na zaidi, wakati tairi lako lina bari mbili na kitu. Nozeli zote hunywa kutoka kwenye bomba hilo, na kompyuta ndiyo inayosema ipi ifunguke na kwa muda gani. Matundu ya nozeli ni madogo kuliko jicho la sindano kwa mbali. Maji kidogo au uchafu mdogo kwenye dizeli unatosha kuiharibu.

Dalili za nozeli mbovu ni injini kugonga, kutetemeka ikiwa imesimama, moshi mweusi, au kuwaka kwa shida asubuhi. Gereji ikisoma kompyuta ikakuta namba ya kosa, inaweza kusema, "Nozeli zimekwisha, tunaweka zote nne." Usikubali kabla ya kuona chupa.

Kila nozeli ina njia ya kurudisha dizeli iliyobaki. Fundi anachomoa mipira ya kurudishia, anafunga vibomba vinne vinavyoingia kwenye chupa nne ndogo zenye alama za mililita, kisha anawasha injini kwa dakika chache. Nozeli nzima zinajaza chupa kwa kiasi kinachokaribiana. Iliyochoka ndani inarudisha dizeli nyingi mno. Unakaa pale na unaona kwa macho yako: chupa tatu ziko robo, ya nne inakaribia kujaa. Ni jaribio rahisi, halihitaji kipaji, na litakuokoa kulipia nozeli tatu ambazo hazikuwa na kosa.

Je, inatengenezeka? Inategemea aina. Nozeli zinazofunguliwa kwa koili ya umeme hutengenezwa kwenye karakana maalumu za dizeli: wanabadilisha ncha na valvu ya ndani, wanaipima kwenye mashine na kukupa karatasi ya vipimo. Nozeli za piezo, ambazo hufunguliwa na kipande cha kauri kinachotanuka kwa umeme, ni ngumu kutengeneza, na karakana nyingi hazizigusi. Uliza una aina gani kabla ya kuuliza bei.

Magari mengi ya komoni reli pia hutumia nozeli zilizochapwa namba ya siri mgongoni. Namba hiyo inaiambia kompyuta tabia ya nozeli ile. Ukinunua nozeli ya skrepa na fundi akaifunga bila kuingiza namba, gari litaendelea kugonga, nawe utadhani umeuziwa mbovu. Na washa ya shaba hairudishwi. Kila nozeli inapochomolewa, washa mpya.

Kuna hali moja ambayo huwa inamaliza mjadala. Pampu ya shinikizo ikisagika ndani, vipande vidogo vya chuma husambaa kwenye mfumo mzima wa mafuta. Hapo ni pampu, bomba nene, nozeli zote na kusafisha mpaka tangi. Kwa gari la umri mkubwa, mimi nasema liuze. Unga wa chuma unaometa ndani ya filta ya dizeli ndio ushahidi.

Filta ya masizi na safari fupi za Tensta

Magari ya dizeli yaliyotengenezwa kwa kiwango cha Euro 5, ambacho kilianza kulazimishwa kwa aina mpya mwaka 2009, yana filta ya masizi kwenye ekzosi. Mafundi huiita DPF. Inakamata masizi, halafu kila baada ya muda inajipasha moto hadi kiasi cha nyuzi joto 600 na kuyachoma. Ili iweze kufanya hivyo injini lazima iwe ya moto na safari iwe ndefu.

Sasa fikiria maisha ya gari letu: nyumbani mpaka shule, shule mpaka dukani, dukani mpaka Kista, nje nyuzi kumi chini ya sifuri. Injini haifiki joto. Filta inajaa. Taa inawaka, na gereji inataja bei ya filta mpya.

Mara nyingi filta hiyo husafishika. Kabla ya kuisafisha, rudi kwenye swali la muuaji. Mmoja anayesahaulika ni thamostati, kile kivalvu kinachofungulia maji ya kupooza injini yakishapata moto. Ikikwama wazi, maji yanazunguka tangu injini inawashwa, na kwa baridi ya Stockholm joto halipandi kamwe. Kompyuta inakataa kuchoma masizi. Unabadilisha filta ya maelfu ya krona kumbe kosa ni la kivalvu cha bei ndogo. Dalili unaiona mwenyewe: mshale wa joto haufiki katikati, na hita ndani ya gari inapuliza uvuguvugu.

Thamostati ikiwa nzima na nozeli zikiwa safi, dawa ya kwanza ni barabara. E18 inapita ubavuni mwa Tensta. Peleka gari kuelekea Enköping kwa mwendo wa kawaida wa barabara kuu, nusu saa bila kusimama, na ufanye hivyo mara kwa mara. Isiposaidia, filta itolewe ikasafishwe kwa mashine. Mpya inakuja mwisho kabisa, pale kauri yake ya ndani inapopasuka au kuyeyuka.

Kuna watakaokushauri uitoboe filta na kudanganya kompyuta. Usifanye. Ni kinyume cha sheria, gari litakwama kwenye ukaguzi wa lazima ambao Waswidi huuita *besiktning*, na masizi hayo yanaingia kwenye mapafu ya watoto wanaocheza katikati ya majengo yetu.

Spea inapatikana wapi

Ukishajua chanzo, una njia nne.

*Kukitengeneza kile kile.* Inafaa kwa nozeli za koili, filta ya masizi, turbo ambayo mapanga yake ni mazima, na alteneta.

*Kubadilishana.* Unarudisha kifaa kibovu na unapewa kilichotengenezwa upya kiwandani, chenye dhamana. Waswidi huita *bytesdel*. Volvo ilianza utaratibu huu mwaka 1945, vita vilipokuwa vimeacha uhaba wa malighafi, kwa kukarabati giaboksi katika mji wa Köping. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kwa turbo nyingi, na watu wetu huiruka kwa sababu hawajui kuuliza. Kumbuka kurudisha kile kibovu, maana amana yake hushikiliwa mpaka kirudi.

*Skrepa.* Uswidi ina wavunja magari wenye leseni, na mtandao wa Bildelsbasen unaonyesha spea walizonazo nchi nzima pamoja na kilomita za gari zilikotoka. Alteneta, mota, milango, hata injini kamili zinafaa. Turbo ya ile injini ya 1.6 nisingenunua skrepa, kwa kuwa imetoka kwenye gari lenye ugonjwa ule ule.

*Mpya.* Kuna vitu ambavyo havina mjadala: mkanda wa taimingi pamoja na roli zake, gasketi, washa, filta za kawaida, na hita plagi, zile zinazopasha moto silinda asubuhi ya baridi. Hivi havitengenezwi na havinunuliwi mtumba.

Hesabu ambayo wengi huikosea

Tuchukue mfano wa kubuni. Gari lako likiwa zima linauzika krona 35,000. Bovu, jinsi lilivyo, mtu atalichukua kwa 9,000. Matengenezo ni 17,000.

Wengi hulinganisha 17,000 na bei waliyonunulia. "Nililitoa kwa elfu themanini, siwezi kuliacha." Pesa hiyo imeshakwenda, iwe utatengeneza au hutatengeneza. Namba inayokuhusu ni tofauti kati ya gari zima na gari bovu: 35,000 toa 9,000, ni 26,000. Matengenezo ya 17,000 yako chini ya hapo. Kutengeneza kuna faida.

Lakini ngoja. Chumvi inayomwagwa barabarani kipindi cha theluji inakula chuma. Kabla ya kulipa hata krona moja ya turbo, gari lipandishwe juu likaguliwe. Ukaguzi ukikuta kutu ya kuchomelea kwa 8,000 na breki za 4,000, jumla sasa ni 29,000. Umepita ile tofauti ya 26,000. Gari lile lile, turbo ile ile, uamuzi umebadilika: liuze bovu.

Weka pia gharama zisizoonekana gereji. Kodi ya mwaka ya gari la dizeli hapa ni kubwa kuliko ya gari la petroli la ukubwa huo. Tangu tarehe 15 Januari 2020 mtaa wa Hornsgatan katikati ya Stockholm una eneo la mazingira, na tangu tarehe 1 Julai 2022 dizeli ndogo zinazoruhusiwa humo ni za Euro 6. Mtaa ni mmoja tu, ila mnunuzi wa kesho anauangalia na bei ya dizeli za zamani inashuka.

Kwa upande mwingine, gari utakalonunua badala yake nalo ni mtumba, na maradhi yake huyajui. Gari ambalo bodi yake ni nzima, oili imemwagwa kwa wakati na historia yake iko mkononi mwako, mimi nalitengeneza hata kama hesabu inakaribiana.

Wala usiharakishwe. Treni ya chini ya ardhi ilifika Tensta mwaka 1975 na bado inapita. Unaweza kulisimamisha gari kisheria kwa Transportstyrelsen, mamlaka ya usafirishaji, jambo linaloitwa *ställa av*. Kodi inasimama mpaka uliandikishe tena kuwa linatumika. Usiliache barabarani tu, maana gari lililosimamishwa haliruhusiwi kuegeshwa mtaani, wala kuendeshwa isipokuwa kulipeleka kwenye ukaguzi.

Haki zako mbele ya gereji

Wengi wetu hatuijui sheria ya huduma kwa mlaji, *konsumenttjänstlagen*, ya mwaka 1985. Inakulinda wewe mtu binafsi unapoipa gereji kazi. Mambo matatu ndani yake yanahusu sura hii moja kwa moja.

Gereji ina wajibu wa kukushauri usifanye kazi ambayo haina manufaa ya maana kwako. Ikifunga turbo ya bei kubwa kwenye gari ambalo ni wazi halifai, bila kukuonya, imekosa. Pili, ikikupa bei ya makadirio, malipo ya mwisho hayaruhusiwi kuipita kwa zaidi ya asilimia 15, isipokuwa mmekubaliana kiwango kingine au umeongeza kazi. Tatu, kazi ikiwa na kasoro unaweza kulalamika hadi miaka mitatu, mradi uwaambie bila kuchelewa mara tu unapoiona.

Ukinunua gari kwa mfanyabiashara, sheria mpya ya tangu mwaka 2022 inasema kasoro ikijitokeza ndani ya miaka miwili, kwa kawaida muuzaji ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba haikuwepo. Ukinunua kwa mtu binafsi mtaani, huna kinga hiyo, na ulipaswa kulikagua vizuri mwenyewe. Na sheria hizi hazilindi gari la kampuni. Dereva wa teksi mwenye kampuni yake aandikishe kila kitu kwenye mkataba.

Bila risiti huna kitu mkononi. Fundi wa kirafiki anayefanya kazi nzuri jioni kwenye maegesho anaweza kuwa hodari kuliko gereji, ila turbo ikifa baada ya wiki mbili, hakuna pa kwenda. Ukikwama, piga simu kwenye huduma ya ushauri ya bure ya mamlaka ya walaji ya Uswidi, na mgogoro ukishindikana kuna ARN, bodi inayosikiliza malalamiko ya walaji.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujasema ndiyo, omba mambo haya kwa maandishi: nini kilichoua kifaa, kimethibitishwa kwa kipimo gani, bei ya kazi na ya spea kila moja peke yake, na dhamana ni ya muda gani. Omba pia uonyeshwe kifaa cha zamani. Gereji inayojua kazi yake itakuandikia hayo kwenye ukurasa mmoja. Isiyotaka kuandika, usiipe funguo.